Jani, ua, tunda, maji... na kitunguu

Hare Krishna bandugu na badada, na bale ambao ulimi wabo bado inatoka na "Bwana asifiwe" mbele hata haijafikiria, amina, tuko pamoja. Hata miye juzi nilimaliza arati (ibada ya taa mbele ya Krishna) nikajikuta nimefanya alama ya musalaba, mukono yenyewe ilienda.

Neno ya juma hii ni Gita, kitabu kitakatifu ya Kihindu, sura ya 9 mustari wa 26. Munaiyua, njo ile banatufundishaka ya kwanza. Krishna, Mungu wetu, anamwambia Arjuna, askari rafiki yake, mutu akinipa jani, ao ua, ao tunda, ao maji, na bhakti (mapendo ya ibada), miye ninaipokea ile kitu ya bhakti juu imetoka ku mutu wa roho safi. Basi. Gita iko na mistari 700 na sizani kuna ingine rahisi kama hii, na juu iko rahisi njo maana tunaipitaka mbio. Miye niliipita mbio myaka tatu muzima.

Nianze na bahasha. Kanisa nilikuwaka ninasali (siitaje, na haiko moja tu, munayua vile iko hapa Lubumbashi, kila aveni iko na mahema yake na baffle yake) tulikuwa tunapewa bahasha yenye jina juu, yako ni yako, na mwisho ya mwezi banasoma mbele ya bote nani alirudisha na nani hakurudisha. Sisemi hakukuwa na Mungu pale. Niliimba mu korale, nililia machozi ya kweli pale. Lakini kuko mwezi moja sikuwa na kitu, kabisa kabisa, nikapasula karatasi ya kaye, nikaikunja vizuri vile banakunjaka feza, nikaitia mu bahasha juu ionekane imejaa, na jina yangu ikasomwa, na batu bakapiga makofi. Ile makofi haikunitoka mu masikio. Tangu ile siku nikiingia nilikuwa ninajiona sawa mwizi, na hakuna kitu nilikuwa nimeiba.

Kisha nikapata kazi ya kuhesabu mizigo mu magazini ya Muhindi moja mu ville. Mabati, misumari, mifuko ya simenti, rangi. Saa moja na nusu ya asubui, mbele ya kufungua mulango ya mbele, patron alikuwa anavula viatu na kusimama ku kabati kadogo pembeni ya meza ya feza, mule muko Krishna na filimbi yake. Anawasha kijiti ya ubani. Anaweka kakombe ka maji, kadogo sawa ka kukunywea dawa. Anachuma jani moja ya tulasi, mumea mutakatifu ya Krishna, na ile tulasi alikuwa ameipanda mu kikopo ya rangi ya kilo tano, imeandikwa bado "blanc mat" pembeni. Siku kuko ndizi anaweka ndizi. Siku hakuna, hakuna.

Siku moja nikamuuliza, kwa kuchokoza kidogo kusema kweli, patron, weye uko na stock yote hii na leo unamupa Mungu wako maji tupu? Hakukasirika. Akasema maji njo yeye mwenyewe aliomba, akatoa kitabu mu tiroir, kizee, kimefungwa na kitambaa, akanisomea ile mustari na kunitafsiria na Kiswaili yake ya magazini. Jani, ua, tunda, maji. Nikabakia nimesimama na liste ya misumari mu mukono. Miye nilifikiria karatasi yangu ya kaye, nikafikiria kumbe ningetia jani ya muembe mu ile bahasha ningekuwa nimetoa kitu ya kweli.

Njo hapo kulianzia. Batu banasema nilibadirisha dini juu ya kazi, eti Bahindi banalipa batu. Mushahara haikuongezeka hata franka moja. Na nilipomwambia patron ninataka kufuata njia hii, alinijibu kwanza nikae mwaka, nisome, niheshimu mama yangu, na nikipata kuwa mukristo mwema basi nibakie mukristo mwema, hakuna mutu atanifukuza mu kabati. Hakuna kuzamishwa mu maji, hakuna fishi ya kusaini. Diksha, kupokelewa rasmi na mwalimu, niko bado ninaingoja, na munayua si kitu ya kukimbilia.

Ku kartie swali ilikuwa ingine. "Ile ni dini ya Bahindi, weye mutu mweusi unaenda kufanya nini?" Nilikuwa ninajibu vibaya, ninauliza kama Yesu alizaliwa ku Katuba hapa Lubumbashi. Sasa sijibu tena vile, ninabaambia tu juu ya Swami (mutawa wa Kihindu) Ghanananda Saraswati wa Ghana. Alizaliwa 1937 mu kijiji ya Senya Beraku, bazazi wake balikuwa bameacha mambo ya bakubwa yabo na kuingia mu ukristo, yeye akatafuta mpaka akafika Rishikesh kule India, akarudi, na mu 1975 akaanzisha monasteri ya Kihindu pale Accra. Mpaka anakufa mu 2016 alikuwa swami, Muafrika, mu inchi ya Afrika, na batu ya pale pale njo balikuwa banamufuata. Mu ile historia kinachonigusa miye si swami mwenyewe, ni bazazi wake. Juu mu ile nyumba kubadirisha dini ilikuwa imeanza zamani kabla ya yeye. Na kwetu pia, nitafika pale.

Mwengine ninapenda kumufikiria ni Samuel Evans Stokes. Mumarekani, wa familia ya feza ya Philadelphia, kanisa yabo ni ya ba Quaker. Mu 1904 akaenda India kutumikia bagonjwa wa ukoma. Akabakia mu milima ya Himalaya, akaoa pale mu 1912, akaleta miche ya pome kutoka Marekani akaanza kuigawia balimaji, na leo Himachal Pradesh inayulikana juu ya pome. (Sisi pome yetu inatoka Afrika ya Kusini, imepakwa mafuta ing'ae, inakaa mu karton wiki mingi, lakini tuendelee.) Akasimama na Gandhi mpaka Baingereza bakamufunga mu 1921. Na mu 1932 akawa Muhindu, yeye na bibi yake, akaitwa Satyanand.

Batu banapenda ile historia juu eti alikwenda na kanisa, kanisa ikamuponyoka. Miye ninahesabu myaka. Kutoka 1904 mpaka 1932 ni myaka 28. Myaka 28 anaishi na bale batu, anakula nabo, anazika nabo, anafungwa pamoja nabo, kisha njo anasema sasa niko wa humu. Miye nilimaliza miezi tatu tu na mala (shanga za sala) mu shingo, na nilikuwa tayari nimemwambia mama yangu aache kupika ndagala mu sufuria moja na mboga yangu.

Mama anauzisha makala. Anachukua mufuko muzima, anaigawanya mu tufungu tudogo, anaketi barabarani kutoka asubui mpaka giza. Ni mukatoliki, shapele yake (rozari) ni ya mbao, ile musalaba imeshaanguka mara mingi, ameifunga na uzi mwekundu. Miye nilikuja na mala yangu ya tulasi, chembe 108, nikaanza kumueleza mu salon kwamba yake ni mafumbo tano ya Salamu Maria kumi kumi na yangu mizunguko 16 kila siku, ambayo inafanya mara 1728 ninasema sala ya jina ya Krishna. Nilimwambia ile 1728! Kwa kiburi, na compteur ya telefone mu mukono. Aliniangalia tu, akaendelea na zake. Saa hii nikikumbuka ninaona ile ilikuwa bahasha tena, bahasha ingine tu, na miye mwenyewe njo nasimama mbele ninasoma jina yangu na kujipigia makofi.

Halafu kukawa kilio, ndugu ya baba yangu alikufa. Matanga ilikuwa ku Katuba, bamama bamepika usiku kucha, bukari, sombe na bitoyo, nyama ya mbuzi kidogo kwa bakubwa. Tantine moja akaniletea sahani na mikono mbili, akapiga magoti kidogo vile banafanyaka. Nikasema hapana, sikulangi. Ningeweza kuishia pale, ningesema tumbo inaniuma, kila mutu anayua ile bongo na hakuna mwenye inamuuma. Lakini miye nikaanza kufundisha. Mu kilio. Ahimsa (kutoumiza chenye uhai), karma (matendo na malipo yake), samaki iko na roho, sauti yangu inapanda, na maiti bado iko mu nyumba. Tantine alibakia na ile sahani mikononi hajui airudishe wapi. Mama akatoka mu jiko, akaikamata mu mikono yake, akaketi chini pembeni yangu akaikula yeye, yote, polepole, bila kuniangalia, na nilijua hakukuwa na njaa.

Wiki tatu hatukuongea vizuri. Ninamaanisha anajibu salamu, basi.

Mu ile wiki tatu njo nilisoma sura ya 9 kama mutu, nikaona kumbe mistari tatu mbele ya ile ya jani na maji kuko ingine, ya 23, Krishna anasema hata bale banaabudu bengine kwa imani, banamuabudu yeye, hata kama si kwa utaratibu yenyewe. Nikafurahi, nikataka kukimbia kumwambia mama kwamba kumbe myaka yote na shapele yake ni Krishna anaabudu bila kuyua. Asante Mungu sikuenda. Angenipiga kofi na angekuwa na haki. Bandugu, tuchunge na ile mustari, ni ya kutunyamazisha sisi, si ya kwenda nayo ku mulango ya batu.

Siku ilikuwa ya pili kisha Ekadashi. (Kwa bapya: Ekadashi ni siku ya 11 ya mwezi ikikua na ya 11 ikipunguka, hakuna kula mbegu, kwa hiyo bukari ya mahindi hapana, lakini mihogo si mbegu, Bahindi bao banakula sabudana ile siku na sabudana ni mihogo tu, kwa hiyo bukari ya mihogo peke, bila kuchanganya, miye ninaikula na roho nyeupe.) Nilikuwa nimefunga vizuri, ninajisikia mutakatifu, nimelala. Mama akagonga. Akaingia na sufuria imefunikwa na sahani, amefunga na kitenge, mikono bado nyeusi ya makala mpaka ndani ya kucha, alikuwa ameosha lakini ile haitokaka yote.

Akaweka chini. Akasema, hivi, bila salamu: nkambo yako alipobatizwa ku misioni, baba yake alimunyima chakula. Anakula ku ba jirani, mwaka muzima. Baba yake alisema ameenda kufuata mungu wa bazungu, basi bazungu bamulishe. Nilikuwa sijasikia ile maneno hata siku moja. Nkambo kwangu alikuwa mukatoliki tangu dunia inaumbwa. Mama akasema nkambo hakusahau, mpaka anazeeka alikuwa anaficha kipande ya mukate mu nguo. Akasema miye sitanyima mutoto chakula juu ya Mungu.

Nikafungua. Lengalenga na kalanga ya kutwanga, ile ya mafuta inapanda juu. Hakuna ndagala. Nilinusa nikayua hata sufuria ilikuwa mupya, hakuna harufu ya samaki hata kidogo, alikuwa ameinunua, na ninayua tufungu ngapi ya makala ni sufuria moja. Na juu ya mboga, imekaangwa vizuri, imekuwa ya kahawia, kitunguu. Mingi. Alikuwa ameweka kitunguu mingi juu alifikiria mboga bila samaki itakosa utamu.

Munayua sheria yetu, kitunguu na vitunguu saumu haviendi mbele ya Krishna, na kisichoenda mbele yake hatukulangi. Mama alikuwa anangoja. Akauliza, "Huyu Mungu wako, kitunguu anakulaka?"

Niliamuka, nikaweka kakombe ka maji mu kabati. Maji tu. Nikarudi nikaketi chini karibu naye, nikaosha mikono, nikakula. Bakubwa bale batasema nilikosa, ninabasikiliza, banieleze siku ya kusanyiko, nitakubali kufundishwa. Lakini nilikula mpaka chini, nilipangusa sufuria na kidole.

Mama akachovya kidole chake pembeni, pale palibakia kidogo, akaonja. Akasema chumvi imekosa.

Haikukosa.