Siku moja maishani mwangu: fotokopi mchana, kutafuta zana usiku

Saa 11:30 alfajiri

Nakaa Bububu, hapa Unguja, kazi yangu ipo Mlandege, kwenye duka la fotokopi na vifaa vya ofisi. Nikishaswali nakunywa chai ya rangi na boflo, kisha nakagua begi: chaja, mwavuli, boksi la karata. Leo Alkhamisi, na Alkhamisi usiku tunacheza Magic, mchezo wa karata, kwa mtoto wa ami yangu, Kikwajuni. Juzi kati kaniambia mbele ya watu kwamba seti yangu ina "karata za kutafuta nyingi kuliko vitu vya kutafutwa." Maneno hayo hayajanitoka.

Saa 1 asubuhi

Daladala ya 502 imejaa kama ada. Kiti nimepata, lakini nimepakatishwa mtoto wa skuli na mkoba wake, na mkoba ndio mzito.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: Magic: The Gathering ni karata za kichawi, alizibuni Mmarekani Richard Garfield, zikatoka mwaka 1993. Unaweka ardhi mezani, ardhi zinakupa mana, na mana ndiyo pesa ya kulipia viumbe na uchawi. Sisi tunacheza mtindo wa Commander. Kila mtu ana karata 100, na ukiacha ardhi za kawaida hairuhusiwi karata kujirudia. Unaanza na maisha 40. Jemadari wako hayumo kwenye rundo, anakaa pembeni akisubiri umlipie. Wangu ni Sram, Senior Edificer, mbilikimo wa mana 2 anayenivutia karata moja kila nikicheza zana.

Zana ni panga, nyundo, kofia za chuma, viatu. Ziliingia mchezoni Oktoba 2003, na toleo la Mirrodin. Kabla ya hapo ukitaka kumtia nguvu kiumbe wako ulimbandika uchawi, na akifa anaondoka nao, hasara mara mbili. Zana haifi na mwenyewe. Inabaki mezani, unamvisha mwengine.

Sasa fanya hesabu. Nyundo yangu ni moja tu kwenye rundo la karata 99. Mkono wa kwanza ni karata 7. Nafasi ya kuanza nayo ni asilimia 7 hivi. Ndiyo maana zikawepo karata za kutafuta: unafungua rundo lako, unachagua zana unayoitaka, unawaonyesha wenzako, unachanga upya. Mtoto wa ami anaziita za uvivu. Yeye wa kusema! Jemadari wake tutamfikia.

Saa 2 asubuhi

Nafungua mlango, nawasha mashine, nasubiri ipate moto. Asubuhi ni ya barua za sheha, vitambulisho vya Mzanzibari mbele na nyuma, na vyeti vya kuzaliwa vilivyokunjwa mpaka vikachanika kwenye mikunjo. Mzee mmoja ananiambia, "Mwanangu, nitolee iwe nzuri kuliko yenyewe." Nazidisha wino kidogo, anaondoka ameridhika.

Saa 4 asubuhi

Watu wamepungua. Bosi ananiruhusu kuchapa karata zangu ilimradi nilipie karatasi. Karata ya Magic ina milimita 63 kwa 88, na karatasi ya A4 inaingiza 9, safu tatu kwa tatu, pembeni pakibaki nafasi ya mkasi. Picha sichapi. Naandika jina, bei ya mana na maneno yake, nakata, natia kwenye mfuko wa nailoni na karata ya kawaida nyuma yake ili iwe ngumu. Kwenye mashindano rasmi karatasi hizi hazipokelewi, lakini Kikwajuni hakuna mashindano rasmi.

Leo nakata Stonehewer Giant. Kona yake moja imekaa kombo, naikata tena. Karata ikiwa na kona mbovu, mwenye macho ataijua hata ikiwa kifudifudi.

Saa 6 mchana

Umeme umekatika. Feni imesimama, mashine imesimama, na mimi nimebaki na daftari langu. Saa yangu nzuri kuliko zote.

Ninachotaka kumjibu mtoto wa ami ni hiki: zana ina bei tatu. Kuna bei ya kuitafuta, bei ya kuiweka mezani, na bei ya kumvisha kiumbe. Watu wanatazama ya kwanza tu. Ni kama samaki wa Darajani: umeshapatana bei, bado wa kumpara, bado nauli ya kumfikisha nyumbani. Karata za kutafuta hazilingani, kwa sababu kila moja inakulipia bei tofauti.

Chukua Steelshaper's Gift, ya mwaka 2004. Mana 1 nyeupe, zana mkononi, basi. Imelipa bei ya kwanza peke yake. Open the Armory ya 2016 inafanya hivyo hivyo kwa mana 2, ila inakuruhusu kuchukua pia uchawi wa kubandika. Hizi nazipenda zikitafuta zana nyepesi. Skullclamp, kwa mfano, ni mana 1 kuiweka na 1 kuivisha, na mvaaji akifa unavuta karata 2. Ilipigwa marufuku kwenye mtindo wa Standard Juni 2004, miezi michache tu baada ya kutoka, na ukiicheza jioni moja utajua sababu.

Halafu Stoneforge Mystic. Ilitoka 2010, kiumbe wa mana 2. Akiingia anatafuta zana. Zamu inayofuata unalipa mana 2, unamlaza (unaigeuza karata yake ubavu, alama kwamba imeshatumika), na zana yoyote iliyo mkononi mwako inaingia mezani, hata iwe ya bei gani. Batterskull ni ya mana 5 na inakuja na kiumbe wake mwenyewe ameshaivaa, 4/4 (nguvu ya kupiga 4, uhai 4) anayekuongezea maisha kila akipiga. Kaldra Compleat ya 2021 ni ya mana 7, nayo inakuja na wake, 5/5 asiyevunjika, anayeshambulia hapo hapo. Zamu ya 3 tu yuko mezani! Kwa hiyo Mystic kalipa bei ya kwanza na ya pili, na kwa zana za namna hiyo ya tatu haipo. Juni 2011 yeye na karata nyingine, Jace, the Mind Sculptor, walitolewa Standard pamoja, maana seti za aina ya Caw-Blade, zilizowatumia wote wawili, zilikuwa zimeshika kila meza. Mtindo wa Modern ulipoanzishwa mwaka huo huo alianza kwenye orodha ya waliozuiwa, akakaa huko mpaka Agosti 2019.

Lakini kwangu mimi Mystic ana dosari moja ambayo wengi hawaisemi. Sram ananipa karata nikiicheza zana kwa kuilipia. Mystic haichezi, anaiingiza kwa mlango wa uani. Sram anatazama tu. Kwa hiyo kuna zamu nyingi ambapo ile Gift ya mana 1 inanifaa kuliko Mystic mwenye jina kubwa.

Bei ya tatu ndiyo inayoua watu. Colossus Hammer: mana 1 kuiweka, inaongeza +10/+10, na kuivisha ni mana 8. Nane! Ukiitafuta kwa Gift umejipatia pambo la mezani. Anayejua kazi yake hapa ni Stonehewer Giant, wa mwaka 2008. Yeye ni mana 5, 4/4, anashambulia bila kulala, na kwa mana 2 na kujilaza anatafuta zana, anaiweka mezani, anamvisha kiumbe wangu yeyote. Bei zote tatu kwa mpigo. Na anaweza kufanya hivyo wakati wowote, hata katikati ya vita. Quest for the Holy Relic nayo inavisha, lakini mpaka ucheze viumbe watano kwanza, na Commander haikupi subira hiyo.

Saa 7 mchana

Adhuhuri, kisha wali na mchuzi wa pweza kwa mama ntilie wa nyuma ya duka. Umeme unarudi nikiwa na tonge mkononi.

Saa 9 alasiri

Wanafunzi. Mmoja kaleta ripoti ya chuo, inatakiwa nakala tatu zenye jalada, na kurasa zake hazina namba. Upepo wa feni ukazipiga. Tumezipanga upya sisi wawili, tukisoma mwisho wa ukurasa huu na mwanzo wa ule. Sina la kuongeza.

Saa 11 jioni

Nafunga. Naenda kwa miguu, napita Michenzani, nanunua urojo, nakula nikiwa nimesimama. Magharibi inanikuta Kikwajuni.

Saa 2 usiku

Tunacheza barazani kwa ami, taa ya nje inatosha. Tupo wanne: mimi, mtoto wa ami, mwalimu wa skuli kutoka Pemba, na dada anayefanya kazi hotelini, leo yuko mapumziko. Mzee wa jirani anapita kwenda kwenye dhumna, anasimama.

"Assalaam aleikum. Hiyo si kamari, wanangu?"

"Waaleikum salaam, mzee. Hatuwekeani hata senti."

"Mkianza kuwekeana mtanisikia." Kisha akakaa pembeni yetu, na dhumna akaisahau.

Mapema nacheza Steelshaper's Gift. Mwalimu ananijibu hapo hapo kwa Aven Mindcensor, ndege anayeingia hata zamu si yake: adui akitaka kutafuta kwenye rundo, anatazama karata 4 za juu tu. Nikatazama. Ardhi tatu na Disenchant, ambayo si zana. Mana imekwenda, nimerudi mkono mtupu. Mwalimu haongei, anapanga karata zake.

Baadaye Stonehewer Giant wangu yuko mezani. Zamu ya mtoto wa ami, analipa mana 6, anamwita jemadari wake, Godo, Bandit Warlord. Haya, ndiye huyo bwana anayesema kutafuta ni uvivu! Godo akiingia anatafuta zana yoyote na kuiweka mezani. Anachotafuta ni kile kile kila siku: Helm of the Host. Ndege wa mwalimu kambana naye kwenye karata 4 za juu, lakini bahati yake imo humo. Kofia hiyo, kila mwanzo wa vita, inatoa nakala ya aliyeivaa, na nakala inaweza kushambulia papo hapo. Nakala ya Godo ikishambulia inaongeza vita vingine, vita vingine vinatoa nakala nyingine, na mambo hayana mwisho. Bei iliyombakia ni ya tatu tu, kuivisha kofia kwa mana 5. Mana zake zimekwisha. Atavisha zamu ijayo, na zamu ijayo sote tumekufa.

Maisha yake ni 12.

Mkononi nina Swords to Plowshares, mana 1, inamwondoa kiumbe mmoja. Mwalimu anaitazama Godo, ananitazama mimi, kama kusema si umwondoe. Lakini jemadari ukimwondoa anarudi pembeni, na mwenyewe anamwita tena kwa mana 2 zaidi. Ningenunua zamu moja.

Zamu yangu. Giant anamshambulia mtoto wa ami. Anafikiri. Godo ni 3/3, akimzuia Giant atakufa, naye Godo anamhitaji zamu ijayo.

"Sizuii. Toa nne."

"Umeshasema huzuii?"

"Nimesema."

Swords kwa ndege wa mwalimu. Mwalimu anaongeza maisha 2, anacheka peke yake, keshajua. Kisha mana 2, Giant analala, nafungua rundo lote bila kizuizi, natoa Colossus Hammer, namvisha Giant mwenyewe. Kulala hakumtoi vitani. Nne na kumi.

Mtoto wa ami aliiomba karata ya Giant, akaisoma polepole akiisogeza kwenye taa. Mzee wa jirani akauliza, "Kafa?" Kafa.

Raha yangu haikudumu. Zamu iliyofuata dada wa hotelini alicheza Wrath of God, viumbe wote wakafa, Giant na Sram wakiwemo. Nyundo ilibaki mezani peke yake mbele yangu, nami nina ardhi 7. Nane ndiyo bei, kama nilivyoeleza mwenyewe mchana. Dada hakuharakisha. Alinimaliza taratibu, akammalizia mwalimu, akaaga kwa sababu kesho ana zamu ya asubuhi.

Saa 4:30 usiku

Magari ya abiria yamekwisha, nachukua bodaboda. Njiani napanga mabadiliko. Relic Seeker anatoka: mana 2, 2/2, na hatafuti zana mpaka ampige mtu kwanza, na barazani kwetu 2/2 hapigi mtu. Anaingia Taj-Nar Swordsmith. Yeye ni mana 4, na akiingia nalipa nyongeza ninayotaka, anaitoa zana yenye bei isiyozidi nyongeza hiyo moja kwa moja mezani. Bei ya tatu bado itanisumbua, lakini Puresteel Paladin nimeshamuweka, na nikiwa na vitu vya chuma vitatu mezani, kuvisha kwake ni bure.

Simu inalia kabla sijafika Bububu. Ni mwalimu, anaomba kesho nimchapie karata moja, Opposition Agent. Hiyo mpinzani akianza kutafuta, anayeshika rundo lake ni wewe, na anachokipata unakicheza wewe. Nimemjibu kwamba kuchapa nitachapa, ila hiyo namtoza bei kamili ya dukani.