Kofia ya kupandia farasi niloinunua Darajani

Mwaka 2018 nlikuwa na miaka 22, nkapata kazi ya kuongoza wageni juu ya farasi kule kaskazini ya Unguja, ufukweni kati ya Kendwa na Nungwi. Mama hakupenda kabisa. Nkamwambia mbona Sayyida Salme, binti wa Sultani, alikuwa akipanda farasi na hakuna alomsema? Akanijibu, "Ndo huyo huyo akatoroka akenda Ujerumani." Nkanyamaza.

Sasa pale zizini kofia ngumu zilikuwepo lakini za wageni, hii inanipwaya, nyengine inanibana kipaji mpaka kichwa kinanigonga, nkaona bora niwe na yangu mwenyewe. Jumamosi nkapanda daladala mpaka Darajani, kwenye mitumba, na wallahi nkaikuta kwenye rundo la mabegi na viatu: nyeusi, imevikwa mahameli, ina kifungo kidogo juu, yaani ya kimalkia. Jamaa anataka 25 elfu, nkamshusha mpaka 15. Nkaijaribu hapo hapo juu ya mtandio wangu mzito na fundo la nywele, ikabana vizuri, nkafurahi. Kumbe inabana fundo.

Pale kazini kulikuwa na mzee wa farasi, sote tukimwita Ami. Alivyoiona tu akauliza, "Umeipata wapi hiyo mwanangu?"

"Mjini Ami."

"Alokuuzia anapanda farasi?"

Nkacheka, nkaona wivu tu huo.

Siku ya pili yake maji yamekupwa, mchanga umekaza, tunakwenda mdogo mdogo mi na Karafuu, farasi jike mpole kuliko wote pale. Wavuvi walikuwa wamefunika chombo kwa turubai, upepo ukaliinua likapiga paa! Karafuu akaruka upande, mi nkabaki hewani. Nnalokumbuka ni kwamba kabla sijafika chini kofia ilishanirudi kisogoni na ukanda umenikaba koo. Nkatua na bega kwanza, kichwa kikafuata, kipaji kitupu kwenye mchanga wa maji. Alhamdulillah ulikuwa mchanga, lau mwamba sijui, maana juu ya farasi kichwa chako kiko zaidi ya mita 2 kutoka chini, hata akiwa amesimama tu.

Ami hakunigombeza. Kanipa maji, kaichukua ile kofia kachomoa kitambaa cha ndani, kanionesha. Chini yake mna foma nyeupe ngumu, ile ile inayokuja na TV mpya kwenye boksi. Nyuma kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na ndani ya ufa mmejaa uchafu. "Huu sio wa leo," akasema, "ufa wa leo ungekuwa mweupe. Hii ishaanguka na mtu mwengine." Ndo akanifahamisha, ile foma kazi yake kusagika badala ya kichwa chako, na inasagika mara moja tu, ikishafanya kazi kwa juu utaiona nzima lakini ndani imekwisha. Ndo maana kofia ya farasi hainunuliwi mtumba, huijui imepita wapi. Na kibandiko chake kilisema imetengenezwa 2004, wakati mtengenezaji mwenyewe anasema baada ya miaka mitano hivi uibadilishe hata kama hujaanguka. Ami Kiingereza hakijui, ila namba za usalama anazo moyoni kama namba za simu: tafuta PAS 015 au ASTM F1163. Ya kwangu ilikuwa na EN 1384 ya zamani, ambayo Ulaya wenyewe walishaiondoa 2014.

Nikauliza, na ya bodaboda jee? Akanitizama tu.

Bibi mwenye farasi akakubali kuniagizia mpya, anikate mshahara kidogo kidogo kwa miezi minne (iliniuma, sisemi uongo). Wakanipima kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi kuzunguka mpaka pale kisogo kilipotokeza, sentimita 55. Zikaja mbili saizi moja, na hapo ndo nlipojua saizi peke yake haitoshi. Ya kwanza inanibana mbele na nyuma lakini juu ya masikio kidole kinapita. Ami akasema, "Hiyo ya wenye kichwa cha nazi, wewe chako embe boribo." Wote zizini wakacheka, jina likanikaa mpaka leo.

Ya pili akanivalisha mwenyewe. Nywele nkazishusha nkafunga chini kwenye ukosi, mtandio nkaweka pembeni nkavaa kile kikofia chembamba cha ndani bila pini hata moja. Ukingo vidole viwili juu ya nyusi. Akaishika akaizungusha, ngozi ya kipaji ikafuata. Kisha akanambia niiname na nitikise kichwa kabla ya kufunga ukanda. Nkatikisa kama nna mashetani, haikwenda popote.

Ile ya Darajani akaikata ukanda kwa kisu asije mtu akaivaa. Nkairudisha nyumbani hivyo hivyo, mama akaitia majani makavu akaiweka uani nyuma ya jiko, kuku wake akaatamia mayai tisa, wakatoka vifaranga saba.