Kutoka Mazeras hadi Maseno, kumzika Mwalimu

Ujumbe uliingia Jumanne jioni nikifunga duka: "Mwalimu ametutoka." Haukutaja jina, wala halikuhitajika. Kwa sisi wa Rabai tuliosoma kwake miaka ya themanini, Mwalimu ni mmoja tu.

Alhamisi alasiri nilikuwa Mazeras, kando ya barabara kuu, nikisubiri basi la Kisumu. Nilikuwa na begi moja, kifurushi cha korosho na nazi mbili ambazo mke wangu alishikilia nibebe. Mkono mtupu haulambwi, alisema, hata msibani. Nilipata kiti cha dirishani. Tulipita Mariakani, tukapita Taru na vichaka vyake vikavu, na tulipokaribia Voi jua lilikuwa linazama upande wa milima ya Taita. Mtito Andei watu walishuka kunywa chai. Mimi nilibaki garini, sikuwa na hamu ya kitu.

Mwalimu alipangiwa kazi Pwani akiwa kijana, mtoto wa Maseno ambaye hakuwa amewahi kuiona bahari. Kiswahili chake cha mwanzo, wazee walituambia, kilichekesha. Kufikia wakati wetu alikuwa akitukosoa sisi ngeli. Kila Jumapili alipanda kilima kuja kusali Rabai, pale ambapo Krapf na Rebmann walifungua misheni yao mwaka 1846. Sisi tuliocheza kandokando ya nyumba zile kuukuu hatukuziona kuwa kitu. Yeye alivua kofia kila alipozipita. "Mlango huu Injili iliingilia hadi ikafika kwetu," alituambia, "nami nimekuja kushukuru."

Darasani alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine. Alivunja chaki vipande viwili. Kimoja chake, cha pili cha mwanafunzi. Ukiitwa ubaoni hukuokota chaki mwenyewe, uliipokea mkononi mwake, ingali na joto la vidole. Ukikwama hakukurudisha kitini. Alisimama kando yako, bega kwa bega, mkautazama ubao pamoja, hata kama kengele ingewakuta hapo.

Na jibu peke yake hakulitaka. Siku moja niliandika jibu sahihi nililolichungulia kwa jirani. Akalitazama, kisha akaniuliza taratibu, "Umepita wapi kufika hapa?" Sikuwa na la kusema. Zama zile kiboko kilikuwa chakula cha kila siku shuleni, nami nilishajiandaa. Hakunigusa. Aliniambia nije kwake Jumamosi. Nilikwenda Jumamosi hiyo na zote zilizofuata hadi muhula ukaisha, na mkewe alitupikia uji. Muhula uliofuata karo yangu ililipwa na mtu ambaye ofisi haikunitajia. Nilipomuuliza Mwalimu, alinijibu nirudi kwenye hesabu.

Nairobi tulifika saa tisa usiku. Basi lilikaa kidogo, likaondoka, na muda si muda tulikuwa Kikuyu. Niliutoa usingizi machoni kwa makusudi. Gizani huko ndiko iliko Alliance, shule ya sekondari ya wavulana, na huko ndiko Mwalimu alikosomea mwishoni mwa miaka ya hamsini, chini ya Carey Francis.

Habari za mtu huyo alitusimulia mara nyingi, nami huona huwezi kumweleza Mwalimu bila yeye. Carey Francis alikuwa akifundisha hisabati Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1928 aliacha heshima zote hizo akaja Maseno kama mmisionari, kuongoza shule ya wavulana. Mwaka 1940 akahamia Alliance, akawa mkuu wa shule kwa miaka 22. Hakuoa. Baraza la kwanza la mawaziri la Kenya huru lilijaa watu waliopitia shule hiyo. Mwalimu hakuficha kwamba mzungu yule alikuwa mkali, tena mwenye misimamo ambayo vijana wengi waliipinga. Lakini kilichomwingia Mwalimu moyoni kilitokea baadaye. Alipostaafu Alliance mwaka 1962, Francis hakurudi Uingereza kupumzika. Alikwenda Pumwani, mtaa wa watu wa hali ya chini Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida katika shule ambayo mkuu wake alikuwa Mwafrika. Alikuwa bado anafundisha mauti yalipomfika mwaka 1966.

"Aliyekuwa mkuu akashika chaki tena," Mwalimu alisema, na hapo sauti yake ilishuka kila mara.

Naye alifanya hivyo hivyo. Alipostaafu alirudi kwao, akawa akifundisha watoto wa jirani hesabu barazani kwake bila malipo. Kila Krismasi alinipigia simu: "Utakuja lini?" Nilimjibu mwakani. Nimesema mwakani miaka sita. Kati ya Naivasha na Nakuru kulipambazuka, na nililia bila sauti, uso dirishani, abiria wa pembeni akajifanya amelala. Mungu ambariki.

Kericho chai ilikuwa imelowa umande, kijani hadi upeo wa macho. Halafu barabara inateremka, joto linapanda, na mashamba ya mpunga ya Ahero yanakupokea. Kisumu nilidandia matatu ya Maseno. Baada ya Kisian gari lilikwea kilima, likatuteremsha karibu na alama ya ikweta. Kijana wa bodaboda alinitazama suti na nazi zangu, akauliza tu, "Kwa Japuonj?" Nikaitikia. Ndivyo wanavyomwita mwalimu kwa Kijaluo.

Usiku ule tulikesha kando ya magenga, moto mkubwa wa msiba, magogo yakilia. Ubao wake ulikuwa bado barazani. Kamati ilikuwa imeandika juu yake ratiba ya mazishi.

Jumamosi waliimba kwa Kijaluo, lugha nisiyoijua, lakini sauti za nyimbo ni zile zile za Rabai, kwa hiyo niliimba Kiswahili changu chini chini na hakuna aliyegeuka. Mzee mmoja kutoka Kwale, amevaa kanzu na kofia, alisimama akasema kwamba Mwalimu hakuwahi kuweka mtihani saa ya sala ya Ijumaa, na kwamba ni yeye aliyewakumbusha wavulana wa Kiislamu wasichelewe msikitini. Alipomaliza, akina mama wa kanisa walipiga vigelegele.

Tulimfukia saa tisa. Watu walipoanza kutawanyika, mjane wake alinishika mkono akaniingiza ndani, akaniketisha, akanimiminia chai. Nazi zangu mbili zilikuwa mezani karibu na picha yake. Alizitazama kwa muda.

"Mwanangu, hata hatujaongea. Umepita wapi kufika hapa?"

Nikaweka kikombe chini. Nilianzia Mazeras, kwenye zile nazi, nikaenda polepole: Taru, Voi, Mtito Andei, nisiruke kituo.