"Comply" ya bosi na "comply" ya sheria

Jana usiku natoka zamu, mratibu wetu kanitumia ujumbe: nisipoingia kazini Jumapili, hiyo ni "failure to comply", yaani kushindwa kutii, na udhamini wangu wa viza utakuwa mashakani. Jumapili ni siku yangu ya mapumziko, na ratiba hiyo ya zamu kaipanga yeye mwenyewe.

Ndugu zangu, hasira hii si ya jana. Sisi tunaozunguka nyumba kwa nyumba kuhudumia wazee hapa Uingereza, neno hili tunaamka nalo na kulala nalo. Uliza saa za barabarani zinalipwa lini: comply. Umeugua: comply. Na kwa kuwa viza imefungwa kwa mwajiri, watu wanainamisha kichwa. Nawajua walimu na wauguzi wa kwetu, watu wazima wenye wajukuu, wanaomjibu "yes, sorry" kijana ambaye wangeweza kumzaa.

Kwa Kiingereza neno hilo haliachwi linaning'inia. Mtu anatii kitu fulani: sheria, masharti ya viza, amri ya mahakama, kifungu cha mkataba. Ujumbe wangu haukutaja hata kimoja. Nimemwomba aniandikie ni kifungu gani kinachoninyima mapumziko yangu. Mpaka sasa kimya.

Tena sheria inambana na yeye. Muda wa kutoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine unahesabiwa kwenye kima cha chini cha mshahara. Kampuni ikikuahidi pauni 13 kwa saa, ikalipa saa 6 za ndani ya nyumba na kuziruka saa 2 za barabarani, gawanya mwenyewe: inatoka 9.75. Kima cha chini kilichoanza Aprili 2025, kwa wenye miaka 21 na kuendelea, kilikuwa 12.21. Hapo aliyevunja sheria ni nani? Slipu ya mshahara yenye mchanganuo ni haki yako pia, usiiombe kama msaada.

Na mratibu hafuti viza ya mtu. Kampuni inaweza kuacha kukudhamini na kutoa taarifa. Anayeifupisha viza ni Home Office, yaani wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza, na kwa kawaida unabaki na siku 60 za kutafuta sponsa mwingine. Ni chache mno, sikatai. Nimeona watu wakizimalizia kwenye makochi ya jamaa zao, simu mkononi, wakituma maombi usiku kucha. Ndiyo maana wenzetu wananyamaza, na siwalaumu.

Aliyenifumbua macho ni dada mmoja wa Zimbabwe. Alinikalisha chini, tukausoma mkataba wangu mstari kwa mstari, kisha akanipa namba ya Acas, shirika la kushauri kuhusu haki za kazini, ambao ushauri wao ni bure. Hakutaka hata kikombe cha chai. Mungu ambariki.

Upande wako, masharti ya viza yashike kwelikweli: usitoroke kazini bila ruhusa, na kazi ya pembeni isizidi saa 20 kwa wiki.

Na nyie mlioko Bongo mnaotaka kuuza kiwanja cha Kibaha ili ajenti awape cheti cha udhamini cha kuja kuhudumia wazee: njia hiyo kwa walio nje ya Uingereza ilifungwa tarehe 22 Julai 2025. Anayeendelea kuchukua hela yenu kwa ahadi hiyo anawaibia.