Kilo 8 Zilizopotea Karibu na Barabara ya Jogoo

Ilikuwa Julai, Nairobi imeshikwa na baridi, lakini chumba cha nyama cha duka lile kilikataa kushuka chini ya nyuzi 9. Kioo cha bomba, kidirisha cha kutazamia gesi ya kupozea, kilijaa mapovu, dalili kwamba gesi imepungua.

"Fundi, ongeza tu gesi, nyama itaniharibikia," mwenye duka akaniambia. Kila baada ya miezi miwili aliongezewa.

"Mama, gesi haiishi kama mafuta ya taa. Ikipungua, inatokea mahali."

Tukazima feni kwanza, maana upepo huitawanya gesi kabla kitambuzi, kifaa kinacholia kikinusa uvujaji, hakijainusa. R-404A, gesi ya kupozea ya mtambo huo, ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ncha ya kitambuzi hupitishwa chini ya kiungo, polepole, kama sentimita 2 kwa sekunde. Chumbani kitambuzi kikalia mara moja. Tukapaka sabuni, povu halikufura: kilikuwa kimenusa dawa ya sakafu.

Kilichotuonyesha njia ni mafuta. Gesi ikivuja hutoka na mafuta ya kompresa, nayo hushika vumbi. Kibomba chembamba cha shaba kiendacho kwenye swichi ya presha kilikuwa na doa jeusi. Kilikuwa kikigusa ukingo wa fremu, na mtetemo umekisugua hadi kikatoboka, tundu la ncha ya sindano.

Gesi iliyobaki tuliivutia kwenye mtungi, tukaupima: kilo 14. Kibati cha mtambo kiliandikwa kilo 22. Kilo moja ya R-404A hupasha dunia joto sawa na kilo 3,922 hivi za kaboni dioksidi kwa miaka 100. Kilo 8 ni zaidi ya tani 31, na huo ni mjazo mmoja tu kati ya mingi. Bado inaniuma.

Tulibadilisha kibomba, tukakishika kwa kibano chenye mpira, tukajaza naitrojeni kavu bar 20 upande wa kondensa, sehemu inayotoa joto nje, kupima kama bado panavuja. Oksijeni kamwe: ikikutana na mafuta hulipuka. Alfajiri geji ilisoma 19.4. Kijana niliyekuwa naye alishtuka, lakini joto lilikuwa limeshuka kutoka nyuzi 22 hadi 14, na gesi ikipoa presha hushuka; hesabu inatoa tofauti hiyohiyo, hapakuwa na uvujaji.

Kwenye kuvuta hewa yote mabombani kabla ya kujaza gesi, Nairobi ina yake. Kwa mwinuko huu wa mita 1,700 hivi, sindano ya geji ya kawaida hugota karibu inchi 24 za zebaki, si 30, na fundi huilaumu pampu bure. Tulifuata geji ya maikroni, inayopima hewa kidogo sana iliyobaki, hadi chini ya maikroni 500, kisha tukajaza kilo 22 kwa mizani, gesi ikiingia ikiwa kimiminika kwa sababu ni mchanganyiko wa gesi kadhaa, na ikitoka kama mvuke uwiano wake hubadilika.

Saa kumi jioni kioo kilikuwa safi, chumba nyuzi 2.