Usiku wa wagonjwa 30

Rufaa ya kumhamishia mgonjwa Mbeya ilitoka kabla ya saa 4 usiku. Ilikuwa Julai, baridi ya Njombe imekolea, na wodi ya wanawake ilikuwa na wagonjwa 31, wauguzi wawili na mhudumu wa afya mmoja. Mama aliyekuwa anahamishwa alikuwa kwenye oksijeni, na mgonjwa wa oksijeni haachiwi dereva. Lazima muuguzi apande naye, aangalie mtungi, dripu na upumuaji njia nzima kupitia Makambako. Mwenzangu akapanda gari. Nikabaki na mhudumu na wagonjwa 30.

Nilipiga hesabu pembeni mwa kitabu cha ripoti. Kupima joto, mapigo, presha na upumuaji ni dakika 4 kwa mgonjwa ukienda mbio. Kwa 30 ni saa 2, na usiku unataka mizunguko mitatu. Wagonjwa 14 walikuwa na sindano za mshipa, saa 4 usiku na saa 12 asubuhi. Sindano ya unga si kuchoma tu: unachanganya gramu 1 na maji mililita 10, unatikisa mpaka iwe angavu, unapitisha maji ya chumvi kwenye kanula, kile kimrija cha mshipani, uone kama imeziba au mkono umevimba, kisha unasukuma dawa taratibu kwa dakika 2 hadi 4. Weka dakika 7 kwa mtu. Wanne hawakuweza kujigeuza. Kila mmoja hugeuzwa kila baada ya saa 2, kwa dakika 5, na watu wawili. Jumla dakika 676. Zamu ya saa 12 ina dakika 720. Hapo hujapokea mgonjwa mpya, hujarudisha dripu iliyochomoka, hujaandika faili hata moja.

Kwa hiyo kitu lazima kiachwe, na kinachoachwa hakichaguliwi kwa bahati. Dawa zilitolewa zote, kwa sababu karatasi ya dawa ina kisanduku cha kusaini na kisanduku kitupu kinaonekana asubuhi. Kumgeuza mgonjwa, kumlisha, kumsikiliza, havikuwa na kisanduku. Beatrice Kalisch, muuguzi mtafiti wa Marekani, aliorodhesha mwaka 2006 huduma zinazoachwa mara kwa mara wodini, na hizo tatu zimo.

Kwenye saa 8 usiku mgonjwa wa kitanda cha kona aliita, "Nesi, huyu mama jirani yangu hajibu!" Mama mwenyewe ni wa kisukari. Shuka lilikuwa limelowa jasho kwenye baridi ile. Kipimo cha sukari kikasoma 2.1, imeshuka mno. Dextrose, maji ya sukari, ya asilimia 50, mililita 50, taratibu mshipani, na kupima tena baada ya dakika 15, mpaka akafumbua macho. Sahani yake ya ugali ilikuwa kwenye kabati, imefunikwa, haijaguswa. Ripoti ya jioni ilisema insulini, dawa ya kushusha sukari, imetolewa. Haikusema kama amekula, na hakuwa na ndugu wa kumwangalia.

Muda huo ndio uliokuwa wa kuwageuza wale wanne. Alfajiri tulipomgeuza bibi mmoja wa kiharusi, sehemu ya juu ya makalio ilikuwa imeanza kuumia kwa kulaliwa. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu, hauonekani vizuri. Weka mgongo wa kiganja: pale palikuwa na joto kuliko pembeni, na pagumu. Tukamlaza kwa ubavu, mgongo umeegemezwa kwenye blanketi lililokunjwa, na khanga chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie visiguse godoro. Binti yake, aliyelala kwenye mkeka, akauliza, "Sista, mbona hamkuniamsha nisaidie?" Alikuwa sahihi kuuliza, ingawa kazi ile si yake.

Asubuhi inchaji, muuguzi msimamizi wa wodi, alikataa kupokea ripoti ya "usiku ulikuwa shwari". Akataka yaandikwe yasiyofanyika, moja moja, na sababu yake: vipimo vya saa 8 kwa wagonjwa 22, kugeuza, mizunguko miwili, muuguzi 1, wagonjwa 30. Nakubaliana naye mpaka leo. Jedwali la vipimo lililojazwa namba za kubuni ni hatari kuliko lililo wazi, maana daktari anaamua kwa kulitazama. Na idadi ya wagonjwa kwa muuguzi si malalamiko ya uchovu: utafiti wa Linda Aiken, mtafiti wa uuguzi, na wenzake katika nchi 9 za Ulaya, uliotoka mwaka 2014, ulikuta kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi anaambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 tangu alazwe.

Inchaji alipeleka ukurasa ule kwa matroni, mkuu wa wauguzi. Ratiba iliyofuata ilikuwa na jina la tatu kila usiku, muuguzi wa kuitwa nyumbani ili asindikize rufaa. Karatasi ya dawa za kisukari nayo ikaongezwa mstari kando ya insulini: amekula, hajala, saa ngapi. Ya kugeuza wagonjwa tuliichora wenyewe kwa rula, tukaibandika miguuni mwa kitanda.