Mpangaji mwenzangu ana mkia

Jamani, mnaoniuliza kama mwenye nyumba wangu hapa Leipzig anajua habari za mjusi ninayemfuga: anajua, na hana neno. Ujerumani kwa kawaida mpangaji haombi ruhusa kufuga vinyama vidogo vya kwenye boksi la kioo, kama samaki, hamsta au mjusi asiye na madhara. Nyoka wa sumu ni habari nyingine.

Wangu ni geko chui, asili yao ni huko Pakistan na Afghanistan. Si kama mjusi kafiri wa nyumbani. Vidole vyake havinati, kwa hiyo kioo hakipandi. Halafu ana kope! Akishiba anafumba macho taratibu kama mzee barazani. Mkia umenenepa kweli, humo ndimo anamoweka akiba ya mafuta.

Tabu si yeye, ni chakula chake. Anakula nyenje hai, nanunua kwa boksi. Juzi boksi likachanika, wakakimbilia nyuma ya friji, usiku kucha kri-kri-kri. Jirani wa chini akapanda kuuliza kama king'ora cha moshi kimeisha betri. Nikamjibu, "Ndiyo, nashughulikia."

Na umeme je? Upande wa joto wa boksi lake la kioo unatakiwa ufike kama nyuzi 32, na Januari ya huku mnaisikia wenyewe.

Mama kwenye simu ana swali lile lile: "Huyo mjusi anaondoka lini, mwanangu?" Sijapata moyo wa kumwambia wanaweza kuishi miaka 15 na zaidi.